Viatu Mlangoni pa Kamanda

Walikuja dirishani kwangu asubuhi, vijana wawili wenye kanzu mpya ambazo bado zilikuwa na mikunjo ya dukani. Wakaniamkia, nikawaitikia. Mmoja wao, mjukuu wa kaka yangu Salimu, yule anayefanya kazi bara, akaniuliza kwa sauti ya chini mama yake babu aliitwa nani. Jeneza lilikuwa limeshawekwa uani. Salimu alikuwa ameoshwa, amekafiniwa, kaburi lake limechimbwa, na kilichobaki ni jina hilo tu, kwa ajili ya talakini. Kwetu maiti akishafukiwa huitwa kwa jina lake na jina la mama yake, akumbushwe majibu kabla hajaulizwa maswali. Nyumba ilijaa watu, watoto na wajukuu na wakwe, na hakuna hata mmoja aliyelijua. Walikuwa wamemwita Bibi, wengine Bibi Mwabungo, na waliozaliwa baada yake hawakumwita kitu. Nilichelewa kujibu. Kijana akadhani sikusikia, akarudia kwa sauti ya juu, kama tunavyosemeshwa sisi tuliozeeka. Nilikuwa nimesikia. Ila swali hilo niliwahi kulisikia akiulizwa mtu mwingine, mwaka wa uhuru, nikiwa nimesimama nyuma ya ukuta na mwiko mkononi, na aliyeulizwa hakuwa na la kusema.

Mwaka ule mama yangu alikuwa mpishi wa Kamanda. Nyumba yake ilikuwa kati ya Mwabungo na Galu, nyumba nyeupe yenye ua wa ndani na kisima katikati, kwa mtindo ambao sisi hatukuwahi kuuona kwa wazungu wengine, waliopenda kutazama bahari. Kamanda aliipa bahari mgongo. Hakuwa Mwingereza, na hilo ndilo alilomwambia kila mtu kwanza, hata muuza samaki. Alikuwa Mhispania. Mkono wake wa kushoto ulikatikia juu ya kiwiko, na mkono wa shati aliukunja na kuubana kwa pini, kila asubuhi pini ileile, na aliyemsaidia kuibana, na kumfunga kamba za buti, na kumnyoa, alikuwa kaka yangu. Mimi nilikuwa nimemaliza masomo ya pale Kwale na sina pa kwenda, kwa hiyo nilishinda na Mama jikoni. Lilikuwa jiko la nje, kuta nyeusi kwa moshi, lenye dirisha moja lililotazama chumba cha kulia. Kupitia dirisha hilo niliijua ile iliyoitwa dunia. Tulipitisha sahani upande wetu, na upande wao wakatupitishia maneno bila kujua.

Na maneno yalikuwa mengi mwaka ule. Wageni wa Kamanda walikuwa wenye mashamba na wenye nyumba za pwani, na walipokuja kula Jumapili walizungumza kuhama. Huyu anauza, yule ameshauza, huyu anasema atakaa mpaka aione bendera mpya kwa macho yake. Mmoja alikuwa na hakika kwamba mwambao utakatwa uwe nchi peke yake, arudishiwe Sultani, na akasema hayo huku akitengua mwiba wa samaki kwa vidole, kana kwamba nchi nayo hutenguliwa hivyo. Kamanda aliwasikiliza kama mtu anayesikiliza mvua. Walipomuuliza yeye ataenda wapi alisema ameshahama vya kutosha. Mama alikuwa amempikia wali wa kwao, aliomfundisha mwenyewe, wali wa sufuria pana wenye kamba na bizari, ambao hautakiwi kukorogwa. Mama aliuita pilau lililokata tamaa. Aliupika vizuri kuliko alivyoupenda.

Maisha ya Kamanda niliyapata hivyo, vipande vipande, kati ya supu na matunda. Alipokuwa kijana mwenye mikono miwili alitumwa kwenye milima ya Moroko, ambako serikali yake ilipigana na wenyeji, na huko akaomba ruhusa ya kuunda kikosi chake. Alichukua watu ambao hakuna jeshi lililowataka: waliokimbia deni la damu, waliokimbia wake, waliotoka jela, Wazungu wa kila lugha na Waislamu wa milimani. Aliwafundisha kutembea, kufyatua, na kutokuogopa kufa. Sharti lake la uanzilishi, alilolisema kwa fahari kila Jumapili mpaka wageni wakawa wanalimalizia wao, lilikuwa moja. Langoni pake mtu hakuulizwa jina. Aliyetaja lolote aliandikwa hilohilo. Halafu vikaja vita vya kwao, ndugu kwa ndugu, na kikosi chake kilikuwa upande ulioshinda. Jambo hilo alilisema kwa haraka na kwa sauti ya chini, na baada yake aliomba chumvi. Walioshinda walimpa nishani, kisha wakamwona mzigo, kisha wakamsahau, naye akasogea kusini bandari kwa bandari mpaka akafika kwetu. Chumbani kwake kulikuwa na kitanda cha chuma kama cha hospitali, sanduku la bati, na ukutani picha moja ya safu ya watu wamesimama kwenye jua kali, nyuso zao zimefutika kwa weupe. Nilipofagia nilizoea kuitazama. Ilikuwa rahisi kuona kofia kuliko watu.

Salimu aliipenda picha ile kama wengine wanavyopenda picha ya mchumba. Alikuwa na miaka ishirini na kifua kipana, na alikuwa ameshakataliwa mara moja. Wakati walioandikisha askari walipokuja uwanjani Kwale, alipanda kilima kwa miguu tangu alfajiri, akasimama mstarini na vijana wengine, na alipotaja jina lake na kwao, yule aliyekuwa akiwapima akamgusa bega akamwambia arudi nyumbani akapande mnazi. Watu wa pwani, akasema, wanakimbia vizuri mpaka jua litoke. Mstari mzima ulicheka. Salimu alitusimulia akicheka na yeye, na Mama akacheka kidogo kumpa heshima, lakini tangu siku hiyo alikuwa akitoka jioni na fimbo ya Kamanda begani, nyuma ya nyumba, na Kamanda akikaa juu ya kiti cha majani akimpigia amri kwa lugha ambayo ilikuwa nusu Kiarabu cha Moroko na nusu Kiswahili cha Mwabungo. Mguu sawa. Geuka. Tazama mbele, hapana tazama kuku. Sijawahi kuwaona watu wawili wakifurahi vile kwa jambo lisilo na faida yoyote. Mzee alinyooka kitini. Kijana alitoka jasho. Kuku walitawanyika.

Aliyeleta jina lingine alikuwa Mutua, dereva wa Kamanda, mtu wa Ukambani aliyewahi kuwa askari, mcheshi, mwenye mwanya na sauti ya lori. Mutua alikuwa akija jikoni kunywa chai na kututania. Nyinyi watu wa hapa, alisema, mnaamkiana mpaka aliyeumwa na nyoka anakufa kabla hamjamaliza. Mama alimjibu kwamba afadhali kufa umeamkiwa. Siku moja nilikuwa nimechutama nyuma ya jiko nikichambua mchicha, nao wawili wako upande wa pili wa ukuta, Mutua na Salimu, na nikasikia Mutua akisema bila mzaha kwamba alikuwa na mdogo wake, Kimanzi, wa umri wa Salimu, aliyekufa kwa homa.

“Hiyo jina iko tu, haina mwenyewe,” akamwambia. “Wewe chukua. Mkamba harudishwi mstarini. Nitakufundisha salamu, nitakufundisha majina ya mito ya kwetu. Wakikuuliza, wewe ni Kimanzi. Nani ataenda mpaka kwa mama yangu kuuliza?”

Nilimwambia Mama, na sijutii kumwambia. Alikuwa akikuna nazi. Hakuacha kukuna, ila alikuna mpaka akafika kwenye kifuu na kuendelea, nikaona tui litakuwa na vumbi jeusi. Mama alikuwa na kaka mkubwa aliyechukuliwa vita vya Bama, vile vya Waingereza na Wajapani, na asirudi. Hakuna aliyeleta habari ya kufa kwake wala ya kuishi kwake, kwa hiyo hawakuweka matanga wala kusoma hitima, kwa sababu nani angethubutu kusema mtu amekufa kwa kukisia. Miaka yote hiyo, mgeni akipita njiani mwenye mwendo fulani, Mama aliinua kichwa. Aliinua kidogo tu, kama mtu anayesikia jina lake likitajwa mbali. Na sasa mwanawe alitaka kwenda kwa jina la maiti mwingine. Akifa Salimu, habari itaenda Ukambani. Sisi tutabaki tunainua vichwa.

Akamkabili Kamanda mwenyewe, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Aliingia chumba cha kulia na sahani ya matunda, akaiweka, na badala ya kutoka akasimama. Akamwambia kwa adabu, Bwana, mwanangu anakusikiliza wewe kuliko mimi, naomba umwambie asiende kwa jina la watu. Kamanda alifikiri anaombwa ruhusa ya kujivunia. Akamweleza sharti lake, kwa upole, kama anayempa zawadi.

“Mama Salimu, mtu akiingia kwangu, jina anaacha nje. Kama viatu vya msikitini. Ndani wote sawa. Ndani hakuna mtoto wa mtu.”

Mama akatazama miguu yake mwenyewe, ambayo haikuwa na viatu.

“Viatu vya msikitini, Bwana,” akasema, “mtu hutoka akavivaa.”

Akarudi jikoni. Kamanda hakula matunda yale. Na mimi nilijua, kwa jinsi Mama alivyomimina maji ya kuoshea vyombo, kwamba alidhani ameshindwa.

Kati ya hapo na mwisho wa mwaka mambo yalikwenda kwa uchovu wake. Wageni wa Jumapili walipungua mpaka ikawa Kamanda anakula peke yake, na akataka meza iandaliwe vilevile, sahani zote, na mimi niziondoe zote zikiwa safi. Afya yake ilianza kumwacha. Alikohoa asubuhi, na Salimu akimnyoa ilibidi asubiri kikohozi kipite, wembe hewani. Jioni waliendelea na gwaride, lakini sasa Salimu alijibu kwa jina lingine. Nani wewe, aliulizwa, na akajibu Kimanzi, na mto wa kwenu unaitwaje, na akautaja. Mutua alisimama kando akimrekebisha matamshi na kupiga makofi. Tarehe ya kuandikisha ilikuwa imetangazwa, safari hii Mombasa, na Mutua angempeleka kwa Landirova mpaka feri. Mama hakusema tena. Alimpikia Salimu vyakula vyote alivyovipenda, kimoja kila siku, mkate wa kumimina, mbaazi za nazi, papa wa kukaanga, kwa mfululizo ambao Salimu aliufurahia bila kuuelewa.

Wiki ile ya mwisho ilikuwa hitima ya nyanya yetu, ambayo Mama aliisoma kila mwaka nyumbani kwetu Mwabungo. Kamanda alituma haluwa, kisha, jambo lisilotarajiwa, akaja mwenyewe akasimama nje ya ua akiwa ameegemea fimbo, akasikiliza. Alisikiliza kisomo chote. Mwishoni Mwalimu Bakari, aliyekuwa akisomesha watoto Kurani chuoni pale kijijini, alipoomba dua na kuwataja marehemu wetu mmoja mmoja, kila mmoja na mama yake, na watu wakiitikia amina, Kamanda alisogea karibu na ua wa makuti mpaka kivuli chake kikaonekana ndani. Kesho yake alimuuliza Mama kwa nini mama na si baba. Mama akamjibu alivyofundishwa, kwamba mama ndiye asiyekuwa na shaka, na ndivyo tutakavyoitwa huko. Kamanda akasema ana watu wake waliokufa, Waislamu, wale wa milimani, wa kikosi cha kwanza kabisa, na hakuna aliyewahi kuwasomea. Anaweza kuchinja mbuzi? Mwalimu angekubali?

Mwalimu alifikiri siku nzima. Walikuwepo walionung’unika kwamba hao walikufa wakimpigania Mzungu dhidi ya Waislamu wenzao, na hilo halikuwa jambo dogo. Mwalimu akasema maiti hawezi kujitetea, na wajibu wetu kwake ni dua, hukumu ina mwenyewe. Ikapangwa Ijumaa baada ya sala, nyumbani kwetu, na Jumamosi yake ndiyo siku ambayo Salimu angeondoka.

Nakumbuka chakula kuliko kisomo, kwa sababu mimi na Mama na wanawake wa jirani tulikuwa uani nyuma na masufuria. Mbuzi alikuwa mnono. Ubani ulichomwa mpaka macho yakatuwasha. Kamanda alifika amevaa koti lake la kijeshi, ambalo lilikuwa limemzidi kama la kuazima, na mkononi ameshika ile picha ya ukutani, Salimu akimfuata na fimbo yake. Mlangoni Salimu alipiga magoti akamfungua buti, kama kila siku, na akaziweka kando ya makubazi ya watu. Ilikuwa mara ya kwanza watu wa Mwabungo kuiona miguu yake. Ilikuwa myeupe na midogo, na mtu mmoja akasema kwa sauti ya chini kwamba kumbe hata hii miguu ilizaliwa. Aliketi mkekani kwa shida, na picha ile Mwalimu aliipokea kwa mikono miwili, akaigeuza uso chini, akaiweka juu ya rafu, kwa sababu hapo palikuwa pahala pa dua. Juzuu zikagawiwa. Sauti zikapanda zote pamoja, kila mtu na yake, kama nyuki.

Ukuta ulikuwa wa fito na udongo, na penye ufa mimi niliona. Kisomo kilipokwisha Mwalimu akainua mikono, kisha akaishusha na kumgeukia Kamanda.

“Haya, Bwana. Tunawaombea nani?”

Kamanda alikuwa amejiandaa. Alisema: Mohamedi Mrefu. Watu wakasubiri. Mwalimu akauliza kwa upole, bin nani? Kamanda akasema huyo alikuwa mrefu kuliko wote, alibeba wawili mgongoni siku waliyovuka korongo. Mwalimu akaitikia kwa kichwa, akauliza, mama yake? Kamanda akatazama upande wa rafu ilipokuwa picha. Akasema kulikuwa pia na Mohamedi wa Nyumbu. Na Mohamedi Mpishi. Na mmoja walimwita Jumapili kwa sababu alikuja Jumapili. Kila jina alilolitaja lilikuwa la kupewa, na kila mmoja alikuwa na jambo lake alilolikumbuka vizuri, jinsi alivyokufa, mahali, jua lilikuwa upande gani, na alipoanza kusimulia alijikatiza mwenyewe kabla ya mwisho, kwa sababu aliona nyuso za watu walioketi na juzuu zimefungwa mapajani, wanasubiri jina. Hawakumcheka. Pengine angestahimili kuchekwa. Yeye ndiye aliyewaambia watu wale waache majina nje, na waliyaacha, na hakuna aliyetoka kuyachukua.

Mwalimu Bakari alikuwa mtu mwenye huruma. Alisema Mwenyezi Mungu anawajua kwa majina yao, akainua mikono akawaombea wale wote anaowajua Yeye, na watu wakaitikia amina kwa nguvu, kwa nguvu zaidi kuliko kawaida, kwa kumwonea haya mgeni. Kilipoletwa chakula Kamanda aligusa wali kwa vidole akaacha. Kisha akainuka, akashukuru kwa Kiarabu chake, akatoka. Akazipita buti zake mlangoni bila kuzitazama. Tulimwona akienda na njia ya mchanga na mawe ya matumbawe, bila viatu, koti la kijeshi mabegani na fimbo mkononi, akikanyaga kama mtoto. Picha alikuwa ameisahau. Salimu akazibeba buti na picha akamfuata, na Mama akafunika sahani ya pilau kwa sahani nyingine akaniambia twende, yule hajala.

Tulimkuta uani kwake, kando ya kisima, kwenye kile kiti cha majani. Jua lilikuwa bado lipo. Miguu yake ilikuwa na damu kidogo. Salimu alisimama mbele yake na buti mkononi, na Mutua alikuwa amekwisha kuja kuangalia Landirova kwa ajili ya safari ya kesho. Kamanda akamwamuru Salimu aweke buti chini na asimame mguu sawa. Akasimama. Sisi tulikuwa mlango wa jiko na sahani yetu.

“Nani wewe?”

“Kimanzi.”

“Nani wewe?”

Mutua akacheka, akidhani ni mazoezi yale yale. Salimu akarudia Kimanzi, kwa matamshi safi kabisa, akautaja na mto. Kamanda akauliza tena, na tena, kwa sauti ambayo haikupanda hata mara moja, sauti ya mtu anayeomba maji, mpaka kicheko cha Mutua kikaisha.

“Salimu,” akajibu mwisho.

“Mama yako?”

Hapo ndipo kaka yangu alipogeuka akatuona. Kwetu kijana halitamki jina la mama yake mbele yake, ni utovu wa adabu, na nadhani hakuwa amewahi kulisema kwa kinywa chake tangu kuzaliwa. Mama akainamisha macho kumpa nafasi. Akalisema. Alilisema kwa sauti ndogo, akitazama buti.

“Basi,” akasema Kamanda. “Kesho nenda na hilo. Au usiende.” Kisha akapokea sahani ya Mama akala yote, taratibu.

Salimu alikwenda. Alirudi jioni ileile, peke yake, kwa miguu tangu Kombani, na hakutusimulia kitu wala kucheka. Aliliweka jina lake mezani na wakamrudishia. Mutua alimkasirikia mwezi mzima, akasema jina zuri limeozea mkononi mwa mjinga, na mwishowe akalitoa kwa kijana mmoja wa Msambweni aliyelitaka. Kijana huyo aliandikwa. Alipelekwa kaskazini, kwenye vita vya huko, na akafia huko, na habari ikaenda Ukambani kwa mama yake Mutua, ambaye alikuwa ameshamlilia Kimanzi wake mara moja, akaambiwa amlilie tena. Mama wa Msambweni alikuja kujua muda mrefu baadaye, Mutua mwenyewe alipokwenda kumpigia magoti. Unaweza kudhani basi Salimu alishukuru. Hakushukuru. Alibeba mizigo ya watalii pale Galu mpaka mgongo ukapinda, akaoa, akazaa, akawa mtu mwema, na nilijua kwamba alimwonea wivu hata yule wa Msambweni aliyekufa. Tulipokuwa tumezeeka sote, tukikaa barazani bila la kufanya, nilimuuliza kwa nini alitii. Mzungu mgonjwa, mbali na Mombasa, asingejua. Akafikiri. Akasema alifumbua kinywa kumtaja Kimanzi, na akawaona wale watu wa hitima wamekaa na juzuu zimefungwa. Halafu akasema neno ambalo nimelibeba tangu siku hiyo. “Yule mzee alikuwa amechoka,” akasema, “akanichosha na mimi kabla sijaanza.”

Sijui kama Mama na Kamanda walikosea. Mama alipata alichokitaka, mwana wa kumzika, na Salimu ndiye aliyeingia kaburini kumpokea. Uhuru ulikuja mwezi uleule wa hitima. Tulipanda Kwale kutazama bendera, mvua ikanyesha, na vijana wa gwaride walipita mbele yetu wakitupa mikono vibaya, na Salimu akiwatazama miguu tu.

Kamanda aliiona mvua iliyofuata, hakuiona ya pili. Alilazwa Msambweni, na Mama alimpelekea uji kila siku alipopata usafiri. Mara ya mwisho mimi nilikwenda naye. Alikuwa amekonda hata mkono uliobaki ukafanana na usiokuwepo. Alimshika Mama kitambaa cha leso akamwambia mama yake aliitwa Pilar. Mama hakulijua jina la namna hiyo. Akamwomba alirudie, akalirudia, na Mama akalisema taratibu mpaka likakaa kinywani, kisha akamwambia, “Nimeshika, Bwana.” Watu wa serikali yake walikuja kumchukua na kumzika Mombasa kwa dini yake, kwa heshima za kijeshi, na siku yenyewe hakuna aliyekumbuka kumwarifu mpishi. Nasikia kaburi lina cheo chake na jina la kikosi. Mama, kila aliposoma hitima, alikuwa akinyamaza kidogo baada ya majina yote kwisha, midomo ikitembea. Kabla hajafa alinifundisha nilishike na mimi.

Kijana wa dirishani aliuliza mara ya tatu. Nikamwambia.

“Mwanamkasi,” nilisema. “Salimu bin Mwanamkasi.”

Akashukuru, akaondoka akilirudia kwa midomo, polepole, kama mtu anayebeba maji kwa viganja na anaogopa yatamwagika kabla hajafika. Nikasikia jeneza likiinuliwa, na miguu mingi ikitafuta viatu vyake mlangoni, huyu akiuliza vya nani hivi, yule akisema vyangu. Wakatoka. Nikabaki na lile jina jingine, ambalo hakuna aliyekuja dirishani kuliuliza.